Kalamu ya Mhazini

Ibada ikiisha na waumini wakitoka nje kusalimiana, kazi nyingine huanza ndani ya chumba kidogo kilicho jirani na madhabahu. Vikapu vya sadaka humwagwa mezani. Noti zilizokunjwa mara nne hunyooshwa na kupangwa zikitazama upande mmoja: za elfu moja peke yake, za elfu mbili peke yake, mpaka za elfu kumi. Sarafu hupangwa kumi kumi. Mzee wa kanisa wa kwanza huhesabu, wa pili huhesabu tena bila kuambiwa mwenzake amepata ngapi, na wakilingana ndipo mhazini huandika kiasi kwa tarakimu, kisha kwa maneno. Wote watatu hutia sahihi.

Nje nako, katika sharika nyingi za Kilutheri nchini Tanzania, mnada huwa umepamba moto. Asiye na fedha taslimu ameleta mkungu wa ndizi, trei ya mayai au jogoo. Aliyemnunua jogoo mara nyingine humrudisha auzwe tena, basi kuku mmoja akaingiza fedha mara mbili, na kila mara lazima iandikwe: kimeuzwa nini, kwa nani, kwa shilingi ngapi, amelipa au ameahidi.

Kazi hii haipigiwi makofi. Lakini anayetaka kuuona uadilifu wa Mkristo ukitendwa kwa mikono na aingie chumba kile. Mhubiri huueleza uaminifu. Mhazini huutenda mstari kwa mstari, na kila alichotenda hubaki kwenye karatasi.

Ufundi wenyewe ni mkongwe. Ezra, alipojiandaa kutoka Babeli kwenda Yerusalemu, aliona haya kumwomba mfalme askari wa kulinda msafara, kwa kuwa alikwisha kumwambia kwamba Mungu huwalinda wanaomtafuta. Imani yake ilifika hapo. Hata hivyo, alipowakabidhi wakuu wa makuhani hazina ya hekalu, aliipima kwanza: talanta 650 za fedha, talanta 100 za dhahabu, mabakuli 20 ya dhahabu, na vyombo vingine. Siku ya nne baada ya kufika, hazina ile ilipimwa upya na kupokelewa na kuhani Meremothi mwana wa Uria, wakiwapo Eleazari na Walawi wawili, na uzani wote ukaandikwa. Habari hiyo imo katika sura ya 8 ya kitabu chake. Mtu aliyekataa askari hakuikataa mizani.

Mwaka 1494, mtawa Mfransisko aitwaye Luca Pacioli alichapisha mjini Venice kitabu kikubwa cha hisabati, na ndani yake akaeleza jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyotunza vitabu vyao. Hakuubuni utaratibu huo; vitabu vya serikali ya mji wa Genoa vya mwaka 1340 tayari vilikuwa vinaufuata. Alichofanya Pacioli ni kuufafanua hatua kwa hatua. Mfanyabiashara aanze kwa kuorodhesha mali yake yote na madeni yake yote. Kila tukio aliandike kwenye daftari la kumbukumbu, alihamishie kwenye jarida, kisha kwenye leja mara mbili, upande wa aliyepokea na upande wa aliyetoa, na mwishowe pande hizo zilingane. Aliagiza kazi ianze kwa jina la Mungu na vitabu vya kwanza vitiwe alama ya msalaba. Akawakemea waliokuwa na vitabu viwili, kimoja cha kumwonyesha mnunuzi na kingine cha kumwonyesha muuzaji, kwa sababu waliviapia vyote viwili.

Uzuri wa kazi hii umo katika sheria zake ndogo ndogo. Kosa halifutwi kwa raba. Hukatwa kwa mstari mmoja ili kilichoandikwa mwanzo kiendelee kusomeka, na sahihi huwekwa pembeni. Stakabadhi zina namba zinazofuatana, na iliyoharibika haichanwi: hubaki kitabuni pamoja na nakala yake, imeandikwa kuwa imebatilishwa. Urari ukigoma kulingana, mhazini mzoefu huichunguza tofauti yenyewe kabla ya kupekua kurasa. Ikigawanyika kwa tisa, hushuku tarakimu zimepishana: 63,000 imeandikwa 36,000, na pengo ni 27,000. Ikigawanyika kwa mbili, huitafuta nusu yake, maana huenda kiasi kimeingizwa upande usio wake.

Mkristo aliyezoea kutubu anapaswa kuielewa sheria ya kwanza upesi kuliko watu wengine. Kukiri hakufuti kilichotendeka. Hukiweka wazi na kukisahihisha mbele ya mashahidi.

Makanisani kuna kauli inayoua ufundi huu taratibu: sisi ni ndugu, tunaaminiana. Kwa kauli hiyo ufunguo wa kasha hukaa kwa mtu mmoja, hundi hutiwa sahihi kabla ya kujazwa, na anayeuliza huonekana ana roho mbaya. Paulo hakufanya hivyo. Alipokusanya mchango kwa ajili ya waumini wa Yerusalemu, aliwaeleza Wakorintho katika waraka wa pili, sura ya 8, kwamba pamoja na Tito anamtuma ndugu aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, ili asipatikane wa kuwalaumu. Alitaka jambo liwe safi mbele za Bwana na mbele za watu pia. Mtume hakuona kwamba kuangaliwa ni kutukanwa. Tena kanisa lilikuwa na kumbukumbu chungu: kwa mujibu wa Injili ya Yohana, katika wale Kumi na Wawili, mwizi alikuwa yule yule aliyeshika mfuko.

Wapo watakaotaja wasimamizi waliokabidhiwa fedha za kuwalipa mafundi wa hekalu zama za mfalme Yoashi, ambao hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Ni kweli, imeandikwa katika sura ya 12 ya Wafalme wa Pili. Lakini sura hiyo hiyo inasema kasha lenye tundu kwenye kifuniko liliwekwa kando ya madhabahu baada ya makuhani kupokea fedha muda mrefu bila nyufa kuzibwa. Tangu hapo mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walihesabu pamoja. Fedha ilipofika kwa wasimamizi hao, ilikuwa imekwisha kupita mbele ya macho ya watu wawili.

M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na leo sadaka nyingi hupita kwenye simu. Ujumbe wa muamala una tarehe, saa na namba, lakini kazi ya mhazini iko pale pale. Ikiwa namba ya kupokelea ni ya mchungaji binafsi, fedha za kanisa na za nyumbani kwake huchanganyika kwenye salio moja, hata kama hana nia mbaya. Namba iwe ya usharika, na taarifa yake ilinganishwe na leja kila mwezi, sawa na taarifa ya benki.

Sehemu iliyobaki ni ya washarika. Anayesimama kwenye mkutano mkuu kuuliza mbona gharama za mabati zimezidi makisio hamshtaki mtu. Mhazini aliyefanya kazi yake hufungua faili, hutoa vocha na ankara ya duka, na kumsogezea asome mwenyewe. Ikionekana bei ilipanda kabla ya ununuzi, mkutano huendelea na ajenda. Ankara ikikosekana, wahusika hupewa tarehe ya kuileta, na tarehe hiyo huingizwa kwenye muhtasari wa kikao.