Kujua pa Kusimama

Ukipanda daladala kutoka mjini Dar es Salaam kuelekea Chanika, Kivule au Chamazi, maboma yanakusindikiza njia nzima. Moja limeishia kwenye msingi, jingine limefika usawa wa madirisha, jingine limefungwa lenta na linangoja paa huku mpapai ukichungulia kutoka mahali patakapokuwa sebule. Ni rahisi kudhani wenyewe wameshindwa. Wapo walioshindwa kweli, na mapagale yao yanajulikana kwa popo na kesi za mirathi. Lakini mengi ya maboma hayo yamesimama kwa sababu mwenyewe aliamua yasimame, na palepale alipotaka. Huo ndio ufundi ninaotaka kuusifu. Hauna chuo wala cheti.

Kwenye foleni za magari mjini humo wachuuzi wanauza vitabu vya mafanikio, na karibu vyote vinatuambia tuione ndoto yetu ikiwa imekamilika, tufumbe macho na tuitembelee chumba kwa chumba. Sina ugomvi na ndoto. Ila anayejenga kwa kinachobaki baada ya nauli, chakula na ada hana haja ya kuambiwa aione nyumba. Anaiona kila siku. Anachohitaji kujua ni hela iliyopatikana leo igeuzwe kitu gani kabla haijapata wenyewe wengine. Msiba hauchelewi, na shemeji mwenye shida ana pua ya kunusa akiba.

Sasa, si kila kitu cha ujenzi kinakubali kuwekwa. Matofali ya saruji yanakaa, tena yaliyomwagiwa maji wiki nzima yakakomaa ndiyo mazuri zaidi. Bati linakaa stoo miaka bila kulalamika. Nondo zinavumilia, ukiziinua kutoka ardhini na kuzifunika. Mchanga ukiumwaga mapema, mvua inachukua fungu lake na jirani anachukua lake, ndoo moja moja. Mbao zisizotiwa dawa ni karamu ya mchwa. Na saruji ndiyo yenye haraka kuliko vyote: inapoteza nguvu kadiri inavyokaa, na mfuko uliolala kwenye sakafu yenye unyevu unaamka jiwe. Kwa hiyo aliyeokota hela ya mifuko kumi hanunui mifuko kumi aiweke chini ya kitanda. Anaita mfyatuaji siku hiyohiyo, saruji inageuka matofali, na akiba yake haiwezi tena kukopwa na mtu. Tunapenda kusema haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kina kitako tangu siku ya kwanza. Haba za ujenzi zisipopangwa zinavujia chini.

Namfahamu mama mmoja fundi cherehani huko Kivule ambaye mpango wake ningependa ufundishwe shuleni. Alipopata kiwanja, watu walimtarajia achimbe msingi wa nyumba kubwa, vyumba vinne, kama wenzake. Hakuchimba. Alianzia nyuma, akajenga banda la uani la chumba kimoja na choo (msiliite nyumba ndogo, ana wivu), akahamia humo kabla hata plasta haijakauka vizuri. Majirani walimcheka kidogo. Walichokuwa hawakioni ni kwamba Dar es Salaam mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na hela hiyo, ambayo zamani ilikuwa inatoka na kupotea, sasa ilibaki nyumbani. Kila kodi ambayo hakuilipa ikawa matofali. Tena anaishi eneo la kazi, kwa hiyo mfyatuaji hawezi kumdanganya.

Na wafyatuaji wanadanganya! Mfuko mmoja wa kilo 50 ukitoa matofali 30 au 35 ya inchi sita, hapo kuna uaminifu. Mwenye tamaa anaunyoosha ufike 50, na matofali yake utayajua ukiyagonga moja kwa jingine: lililoiva linalia, lililopunjwa linatoa vumbi. Yule mama huchukua moja, analiinua hadi kifuani, analiachia. Likipasuka haongei sana. Anamwonyesha tu fundi vipande, na siku hiyo malipo yanangoja.

Msingi wa nyumba kubwa aliuchimba baadaye, akaujaza kifusi, kisha akauacha. Hapo palikuwa pa kusimama. Kifusi kilichopigwa na masika nzima kinashuka na kushindiliwa kuliko kilichopigwa na vibarua asubuhi moja, na jamvi likija kumwagwa juu yake halipasuki ovyo. Ukuta nao una mahali pake. Ukiuacha usawa wa madirisha umeuacha pabaya, kwa sababu hakuna kinachozifunga kuta pamoja; kila upande umesimama kivyake, ukisubiri upepo au watoto wa mtaani. Ama usianze kuta kabisa, ama ukizianza hakikisha unayo ya kufika lenta, zege na nondo zake zikazunguka nyumba nzima kama mkanda. Ukishafunga lenta, pumzika hata miaka miwili.

Kisha kuna paa, na hapa ndipo wengi wenye nidhamu wanakwama, kwa sababu nidhamu ya kidogo kidogo haitoshi tena. Huwezi kupaua robo. Mbao, kenchi, misumari, bati, fishabodi na mafundi wote wanataka hela kwa pamoja, na mbao zikishapanda juu bila kuezekwa, jua na mvua zinazipinda mbele ya macho yako. Mama wa Kivule alikuwa anacheza mchezo, ule wa kupeana hela kwa zamu, na wanawake wenzake wa sokoni. Kwenye mchezo kila mtu anatamani namba za mwanzo, apokee mapema. Yeye aliomba namba ya mbali, itakayoangukia Januari. Alihesabu kwamba vuli itakuwa imepita, masika haijaingia, na katikati hapo kuna wiki kavu za kutosha kupandisha kenchi. Bati alikuwa ameshazinunua kidogo kidogo, zimelala chini ya kitanda. Hela ya mchezo ikabaki ya mbao na mafundi. Sijawahi kuona mpango wa biashara uliokaa sawa kuliko huo, na haukuandikwa popote isipokuwa nyuma ya daftari la vipimo vya wateja, kati ya kiuno cha mtu na urefu wa sketi.

Hata hivyo, hesabu zote hizo ni bure kama kiwanja kina kasoro. Desemba 2011 mafuriko yalilifagia bonde la Msimbazi, na baadhi ya waathirika wakapelekwa kuanza upya Mabwepande. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kibaha, zilibomolewa kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Humo mlikuwa na watu waliosimama vizuri kwenye lenta, waliochagua msimu mzuri wa kupaua, waliojinyima miaka. Ndiyo maana napenda watu wanaotembelea kiwanja mara kadhaa kabla ya kulipa, na hasa wakati wa mvua. Wanaouliza serikali ya mtaa, kisha wakamuuliza na mzee wa nyumba ya tatu ambaye hana udalali wowote. Mzee huyo atakuonyesha alama ya maji kwenye ukuta wake.

Mwaka ambao bintiye alipata nafasi ya chuo, yule mama aliuza nusu ya matofali yaliyokuwa yamebaki kwa ajili ya uzio. Jirani aliyanunua kwa bei nzuri, maana yalikuwa yamekomaa na hayakuhitaji kubebwa mbali. Fundi wake alisikitika, akasema uzio umerudi nyuma mwaka mzima. Mama akamjibu kwamba uzio ndio uliowekwa mwisho kwa ajili ya shida kama hiyo, kisha akamuuliza kama mlango wa jikoni anaweza kuufunga Jumamosi.