Upepo kwanza, meno baadaye

Anayenunua tairi la mbio za baiskeli za milimani huanza kukagua meno: marefu au mafupi, yamebanana au yameachana. Kisha huuliza uzito. Upepo haumjii akilini mpaka pampu iwe mkononi, na hapo hujaza hadi tairi liwe gumu kama jiwe, akiamini kwamba ugumu ndio mwendo. Mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu. Kwenye njia ya mawe na changarawe, kinachotangulia ni kiasi cha upepo ambacho tairi linaweza kuendeshwa nacho. Kinafuata uimara wa ubavu wake, kisha meno, na uzito unashika mkia. Njia ya kutoka Baraka, kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika, hadi Fizi juu vilimani ni mahali pazuri pa kuipima hoja hiyo, kwa kuwa ina karibu kila aina ya ardhi inayolitesa tairi.

Tuanze na mbio ambazo matokeo yake yanajulikana. Tarehe 12 Agosti 2012, katika Michezo ya Olimpiki ya London, wanaume walishindana Hadleigh Farm, Essex, kwenye njia kavu iliyojengwa kwa mawe na miteremko mikali. Jaroslav Kulhavý wa Jamhuri ya Czech alishinda kwa magurudumu ya inchi 29. Nino Schurter wa Uswisi, aliyetumia inchi 27.5, alipitwa karibu kabisa na mstari na kumaliza sekunde moja nyuma. Marco Fontana wa Italia akawa wa tatu, naye kwa inchi 29. Pengo la sekunde moja baada ya karibu saa moja na nusu halitoshi kusema gurudumu moja limelishinda jingine. Kilichofuata ndicho chenye uzito: mwaka 2016 huko Rio, Schurter mwenyewe alitwaa dhahabu akiwa juu ya inchi 29, na tangu hapo matairi ya mbio hizi yameendelea kunenepa, kutoka inchi 2.1 hivi hadi 2.3 na 2.4, huku upepo ndani yake ukipungua. Watu wanaolipwa kwa kushinda hawawezi kukumbatia mpira mpana zaidi kwa miaka yote hiyo kama unawachelewesha.

Sababu iko chini ya gurudumu. Tairi gumu likikuta jiwe la ukubwa wa ngumi, halibonyei. Baiskeli na mwendeshaji hunyanyuliwa pamoja, kisha hushushwa. Nguvu ya kuwanyanyua inatoka miguuni, na hairudi yote wanaposhuka, kwani sehemu kubwa inaishia kuutikisa mwili. Tairi lenye upepo wa kiasi hulimeza jiwe lilelile, na mwendeshaji anaendelea mbele karibu bila kupanda wala kushuka. Kwenye lami laini hesabu ni nyingine, maana hakuna cha kumeza, na hapo upepo mwingi husaidia kwa kiasi fulani. Kosa ni kuichukua kanuni ya lami na kuipeleka kwenye kokoto.

Sasa tuiangalie njia yetu. Baraka iko usawa wa ziwa, takriban mita 770 juu ya bahari, na karibu na maji kuna mchanga unaolizamisha tairi jembamba. Ukiuacha ufuo na kupanda, unakutana na udongo mwekundu ambao kiangazi hukauka ukawa mgumu, juu yake zikilala kokoto zinazoteleza kila unapokata kona, na katikati kuna makorongo yaliyochimbwa na maji ya mvua. Kwenye mchanga upana husaidia kuelea. Kwenye udongo mgumu meno mafupi yaliyobanana hushika vizuri kuliko marefu, ambayo hupinda na kula nguvu. Kwenye kokoto mpira hauna budi kutandazika ili uguse ardhi kwa eneo kubwa. Katika hali zote tatu, upepo wa kiasi ndani ya tairi pana unasaidia. Meno yanasaidia kwa zamu.

Mtu atapinga: tairi pana na imara ni zito, na huku ni kupanda tu. Tupige hesabu. Tuseme umechagua matairi mawili yanayozidi mengine kwa gramu 150 kila moja. Jumla ni gramu 300. Mwendeshaji na baiskeli yake wakiwa kilo 80, hiyo ni chini ya asilimia 0.4. Katika mlima wa saa nzima unapoteza sekunde 14 hivi. Hata ukisema uzito wa gurudumu uhesabiwe mara mbili, jambo ambalo ni kweli wakati wa kuongeza kasi tu, hufiki nusu dakika. Pancha moja, kwa mtu mwenye mikono myepesi, inakula dakika kadhaa.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, nalo ni tope. Masika udongo huo mwekundu hunata, hujaza nafasi kati ya tairi na fremu, na gurudumu likagoma kuzunguka. Hapo tairi pana linaweza kuwa adui, na meno marefu yaliyoachana ndiyo yanayotema tope. Nakubali, lakini hilo ni tairi la msimu. Asiyeweza kununua jozi mbili aweke mbele lenye meno marefu kidogo na nyuma lenye meno mafupi. Gurudumu la nyuma likiteleza unapoteza hatua. La mbele likiteleza unaanguka.

La tatu ni la soko: nani atapata matairi ya mbio yasiyo na tyubu, na dawa yake ya kuziba matundu, huko Baraka? Anayetumia tyubu hawezi kushuka hadi psi 20 kama wanavyofanya wenzake wa Olimpiki, lakini tairi la inchi 2.2 likijazwa psi 30 hivi, nyuma zaidi kidogo kuliko mbele, linambeba mtu wa kilo 70 vizuri. Tyubu yenyewe itakuambia kama umekosea. Ukikuta matundu mawili yaliyokaa sambamba, ilibanwa kati ya jiwe na rimu, kwa hiyo ongeza upepo. Tundu moja dogo ni la mwiba au msumari, na upepo hauhusiki. Kabla ya kulipa, soma namba zilizochapwa ubavuni: 57-622 maana yake ni upana wa milimita 57 na rimu ya kipenyo cha 622, yaani inchi 29. Baiskeli nyingi nyeusi za mizigo huvaa rimu ya 635, inayoitwa inchi 28, na ingawa jina ni dogo, rimu yake ni kubwa zaidi. Tairi la moja haliingii kwenye nyingine.

Kuna jaribio lisilo na gharama la kumaliza ubishi. Chagua mteremko mfupi wenye kokoto, anzia alama ileile, achia baiskeli bila kukanyaga pedeli, na uweke jiwe pale inaposimama. Punguza upepo kidogo, rudia. Endelea mpaka baiskeli iache kwenda mbali zaidi au rimu ianze kugonga mawe, kisha rudi hatua moja. Kiasi hicho ndicho chako. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo ya kutumia kabla ya msimu wa mbio asikimbilie tairi jipya: anunue kwanza kipimo cha upepo.