Kivuli Chini ya Kidevu

Goba Njia Nne, kwenye ukuta wa kinyozi, mchoraji anamalizia kichwa cha kijana aliyenyolewa panki. Mstari wa penseli bado unaonekana sikioni. Dereva mmoja wa bodaboda anamwambia ashuke, picha imeshakwisha. Hashuki. Anachovya brashi nyembamba kwenye kahawia aliyoichanganya na nyeusi kidogo, anaipitisha mara moja tu chini ya kidevu, upande wa kushoto, na kichwa kinachomoza kutoka ukutani.

Ujuzi huo umetoka mbali. Kwa karne nyingi wachoraji wa makanisa ya Ulaya waliwaweka watakatifu wao juu ya dhahabu tupu, maana mbinguni jua halichomozi wala halizami. Giotto alipochora kuta za kikanisa cha Scrovegni mjini Padua, mnamo mwaka 1305, aliwapa watu uzito wa mwili: wanakumbatiana, wanalia, wengine wametupa mgongo kabisa. Zaidi ya miaka 100 baadaye, katika kikanisa cha Brancacci mjini Florence, Masaccio aliifanya nuru ya picha itoke upande uleule lilipo dirisha halisi, na vivuli vya mitume vikafuata. Alifariki mwaka 1428, hajatimiza miaka 30.

Sifa zote huenda kwa mabingwa hao. Lakini anayestahili kusomwa ni Cennino Cennini, mchoraji wa kawaida tu, aliyeandika kitabu cha ufundi mnamo mwaka 1400. Anaanza kwa kutaja walimu: yeye alikaa miaka 12 kwa Agnolo Gaddi, Agnolo alifunzwa na baba yake, Taddeo, Taddeo alikuwa mwanafunzi wa Giotto miaka 24. Msomaji wa pwani ataitambua silsila hiyo bila kuelezwa. Kijana, anasema Cennini, asage rangi, achemshe gundi na kuandaa mbao kwa miaka 6, kisha aongeze 6 ya kujifunza kupaka, huku akichora kila siku, sikukuu kwa siku ya kazi.

Utamu wa kitabu uko kwenye buluu. Jiwe lake lilisafiri kutoka milima ya Badakhshan, Afghanistan. Lilisagwa likawa unga, unga ukachanganywa na utomvu wa msonobari, ulimbo na nta, donge likakandwa siku tatu au zaidi. Kisha lilitiwa kwenye maji ya majivu na kusongwa kwa vijiti viwili mpaka buluu ianze kutoka. Iliyotoka kwanza ndiyo bora. Za baadaye zilizidi kufifia, na kila moja ilikuwa na bei yake. Mwaka 1485 nyumba ya watoto yatima ya Florence ilipomwagiza Domenico Ghirlandaio picha ya Mamajusi, mkataba ulitaka buluu ya thamani ya florini 4 hivi kwa wakia. Wateja wa zamani walijua wanachokinunua!

Dar es Salaam nayo ilipata karakana ya mwalimu na wanafunzi wake. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya hadibodi, akauza Morogoro Stores, Oysterbay. Alikusanya vijana, wengi wao jamaa zake, wakaiga chui na ndege wake mpaka mikono yao ikakomaa. Polisi walimpiga risasi kimakosa mwaka 1972, akafariki. Vijana hawakutawanyika; kazi iliendelea, na baadaye kukawa na ushirika wenye jina lake.

Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyemchora Yesu Mwafrika kanisani Murang'a mwaka 1959, alikuwa akihubiri kwamba kuiga humlaza Mungu usingizi. Alikuwa na haki, ila kuna kuiga na kuiga. Aliyemwiga mwalimu miaka kumi, akikosolewa kila jioni, si sawa na anayerudufu twiga yuleyule kwa ajili ya watalii wa wiki hii, bila mtu wa kumwambia shingo imekaa vibaya.

Goba nako mabango ya plastiki yanazidi kutoka mashineni, yenye sura zilizookotwa mtandaoni. Jua likiyapausha, yanatupwa na kuprintiwa mengine. Mchoraji wa kinyozi anasema kivuli cha kidevu alikipata kwa mzee mmoja wa Manzese, enzi akimshikia kopo. Yeye mwenyewe hana kijana wa kumshikia. Wateja wanataka kazi iishe leo, na bei ya leo hailishi watu wawili.

Basi anayekwenda kununua picha Morogoro Stores amuulize mchoraji amefunzwa na nani, ayasikilize majina mpaka mwisho, ndipo wapatane bei.