Mwarobaini: Kitenzi, Jina na Kipimo

Kikaratasi kimoja kuhusu mwarobaini, kilichokusudiwa wananchi wa Chunya, kililetwa kwetu kikaguliwe lugha. Sarufi yake haina kasoro kubwa. Kasoro imo katika istilahi, na hiyo ndiyo tunayopenda kuijadili.

Kwanza ni kitenzi. Mwandishi anasema mti huu "unaponya" malaria. Katika Kiswahili, kutibu ni kumshughulikia mgonjwa. Kuponya ni kuuondoa ugonjwa. Kutuliza ni kupunguza maumivu. Kukinga ni kuzuia ugonjwa usiingie. Maneno haya si visawe. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba majani ya mwarobaini yana nguvu dhidi ya vimelea vya malaria. Lakini kufa kwa kimelea ndani ya chupa si kupona kwa mtoto kitandani. Mzazi asomaye "unaponya" ataona haja gani ya kwenda zahanati?

Pili ni jina. Husemwa kwamba mti huu, uliotoka Bara Hindi, uliitwa hivyo kwa kuwa hutibu maradhi arobaini. Hiyo ni sifa, si hesabu. Mtafsiri asiigeuze kuwa orodha. Tena upo mti wa jamaa yake unaofanana nao, Melia azedarach, ambao matunda yake ni sumu. Yafaa basi jina la kitaalamu, Azadirachta indica, liandikwe mwanzoni.

Tatu ni kipimo. "Tumia mwarobaini wa kutosha": majani, magome, au mafuta ya mbegu? Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wachanga waliodhurika vibaya kwa kunyweshwa mafuta hayo.

Hatudharau dawa za asili. Kitengo cha kuzitafiti kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, na Sheria Na. 23 ya mwaka 2002 ikautambua utabibu huo. Lakini tangu dhahabu ya Lupa ianze kuchimbwa katika miaka ya 1920, Chunya imewakusanya Wabungu, Wakimbu, Wasafwa, na baadaye Wasukuma. Lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Neno likipotoka humo, linawapotosha wote.

Tunapendekeza iandikwe: "Majani ya mwarobaini hutumiwa na wengi kutuliza homa. Mafuta ya mbegu asipewe mtoto. Mwenye homa apelekwe zahanati kupimwa malaria." Sentensi hizi hazina madoido, lakini hazimdanganyi mgonjwa.