Sandarusi Ambayo Gado Hakuichora

Walioiona katuni ile wanaikumbuka: Januari 2015, gazeti la The EastAfrican, Rais Jakaya Kikwete kajilaza huku wanawake saba nusu uchi wakimstarehesha. Kilichoiharibu ni majina. Mchora katuni Gado aliwaandika wale wanawake rushwa, upendeleo, uzembe na maovu mengine, tena kwa Kiingereza.

Yazibe yale maneno kwa kiganja, kisha mwekee picha muuza magazeti wa stendi ya Same. Atakwambia Rais anapenda wanawake. Juu ya utawala hatasema neno. Mchoro umemzulia mtu shtaka ambalo mchoraji hakulikusudia, na shtaka la kweli limebaki kwenye maandishi.

Wapare wa milimani wana ndiva: maji hukingwa usiku, asubuhi yakafunguliwa kufuata mfereji hadi shambani. Jicho la msomaji nalo huchimbiwa mfereji. Hapa lilifunguliwa likamwagika kwenye miili ya wanawake, na lilipofika kwenye majina lilikuwa limekwisha kuhukumu. Halafu kwa nini dhambi za ofisi za umma zivalishwe umbo la mwanamke? Safu hii imekuwa ikilalamikia uvivu huo miaka nenda rudi, na haitaacha.

Kinachouma ni kwamba Gado anajua kuchora bila majina. Alipomchora Uhuru Kenyatta na William Ruto wakiburuta tufe la chuma lililofungwa mnyororo mguuni, hakuhitaji kuandika kwamba walikuwa wakishtakiwa The Hague. Kila msomaji aliusikia mnyororo.

Mchora katuni wa zamani, Christian Gregory, hakuwa na anasa ya maandishi yanayoelea. Mhusika wake Chakubanga, katika gazeti la Uhuru la miaka ile ya Mwalimu Nyerere, alibeba kisa kwa mwili wake na kwa Kiswahili cha mtaani. Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986, naye aliwaachia wasomaji wa jarida la Sani wahusika ambao ungewatambua hata kwa kivuli. Gado mwenyewe, yaani Godfrey Mwampembwa, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, alikulia mikononi mwa kizazi hicho. Mwaka 1992 akaenda gazeti la Nation, Nairobi, na Tanzania ikampoteza kwa magazeti ya Kiingereza. Kitabu chake cha Abunuwasi kinaonyesha tulichokosa.

Serikali ya Tanzania ililizuia The EastAfrican Januari hiyohiyo ya 2015 kwa hoja ya usajili, na Nation haikuuhuisha mkataba wa Gado mwaka 2016. Yote mawili yalikuwa makosa. Hayaisafishi katuni.

Maana kitu cha kubeba shtaka bila majina kilikuwepo. Tangu Bunge la Novemba 2014 nchi nzima ilikuwa ikizungumzia sakata la Tegeta Escrow, na fedha zilizosemekana kubebwa kutoka benki kwa sandarusi. Mkulima wa tangawizi wa Mamba Miamba, wilayani Same, anaijua sandarusi vizuri. Ndiyo anayoshushia mzigo wake. Gado angewaondoa wanawake wote saba, akamwacha Kikwete palepale alipolala, na chini ya kichwa chake, badala ya mto, akamwekea sandarusi moja iliyotuna, mdomo umeshonwa kwa kamba, bila herufi hata moja.