Mfalme wa Mashine na Ahadi Zake

Sisi walimu tuna kipimo kimoja cha mhusika ambacho hatukosi kukirudia darasani: hatumtaki awe mwema, twamtaka asadikike. Akisaliti, na tushtuke. Lakini tukizifunua kurasa za nyuma tuione njia iliyomfikisha huko. Safari hii twataka kukipeleka kipimo hicho mahali tusipozoea, yaani katika michezo ya kompyuta ambayo mchezaji hutawala taifa na kufunga mikataba na wafalme wanaoendeshwa na mashine. Wanafunzi wetu wanaicheza, nasi hatuna haki ya kuinyamazia.

Mashuhuri kati yake ni Civilization, uliotungwa na Sid Meier na Bruce Shelley ukatoka mwaka 1991. Wengi wanamjua Gandhi wake, mtu wa amani arushaye mabomu ya nyuklia. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kuwa ni kosa la hesabu: kiwango chake cha uchokozi kilikuwa 1, kikapunguzwa 2, kikageuka kuwa 255. Meier aliikanusha habari hiyo katika kumbukumbu zake za mwaka 2020. Hata hivyo uvumi huo watufunza jambo. Mtu hawezi kukaa na jirani asiye na sababu. Asipopewa sababu ataitunga mwenyewe.

Toleo la nne, la mwaka 2005, liliziweka sababu hadharani. Mfalme hukuonyesha alama zako: mnafuata dini moja, zinapanda, umefanya biashara na adui yake, zinashuka. Wapo wasemao kwamba orodha hiyo huua fumbo. Twakubaliana nao nusu tu. Ni kweli kwamba urafiki wenye bei hununuliwa kama chumvi dukani, lakini angalau mfalme yule ana kumbukumbu, na akikupiga vita wajua ulimkosea wapi.

Tatizo zito lilidhihirika katika toleo la tano, mwaka 2010. Humo wafalme walifundishwa kuutafuta ushindi kama binadamu autafutavyo. Rafiki wa karne nyingi aligeuka ghafla ulipokaribia kushinda, na mwanzoni sababu zake zilifichwa. Wachezaji wakalalamika kwamba wafalme wana wazimu. Hawakuwa na wazimu. Kwa mantiki ya mashindano walikuwa na haki kabisa, maana hakuna mcheza bao anayemwachia mwenziwe kete kwa sababu ya udugu. Lakini mfalme huyu amevikwa mavazi ya enzi, anaonekana katika jumba lake, anasema lugha ya watu wake. Kila kitu kinatuambia kwamba huyu ni mtawala mwenye nchi na heshima yake. Kisha anatenda kama mtu aliyeketi mkabala nasi akiuhesabu ubao. Ni wahusika wawili katika mwili mmoja, na wala hawajuani. Hapo ndipo imani yetu inapokatika, si pale mkataba unapovunjwa. Wafalme wa historia walivunja mikataba mingi, nasi twawasadiki.

Toleo la sita, la mwaka 2016, lilimpa kila mtawala tabia ya kudumu. Qin Shi Huang huwachukia wanaomzidi kwa majengo ya maajabu. Cleopatra huwapenda wenye majeshi makubwa na kuwadharau wanyonge. Darasani tungewaita wahusika bapa. Wanaeleweka, lakini ukishawajua huna tena la kuzungumza nao. Na msomaji wetu huenda akapenda kujua kwamba Zanzibar imo, ikiwa mji-dola: humpa mdalasini na karafuu yule aliyeipelekea wajumbe wengi kuliko wengine. Basi. Mji uliozungumza na Maskati, na London, na bara kwa wakati mmoja, hapa ni bubu anayehesabu wajumbe!

Mwaka 2022 kampuni ya Meta ilionyesha mashine iitwayo Cicero, iliyoshindana katika Diplomacy, mchezo wa Allan Calhamer uliotolewa mwaka 1959, ambamo madola 7 ya Ulaya hupigana bila dadu na silaha kubwa ni maneno. Ilicheza michezo 40 dhidi ya watu, ikaingia katika asilimia 10 ya juu ya waliocheza zaidi ya mara moja, na barua za wapinzani wakati wa mchezo hazikuonyesha kwamba walidhani wanaandikiana na mashine. Siri yake ni kwamba maneno yalifungamanishwa na mpango wa vita: ilichokiandika kilihusu ilichokusudia kutenda. Waliotengeneza walisema waliielekeza iwe kweli kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2024 watafiti wengine wakaeleza kwamba ilidanganya kwa kupanga. Kwa mhakiki, ugomvi huo wenyewe ni sifa. Hakuna aliyewahi kubishana kama mfalme wa Civilization ni mwongo, kwa kuwa hakuna aliyedhani kwamba alimaanisha neno lolote.

Lakini tusiharakishe kushangilia. Katika michezo ile kila zamu ya mazungumzo ilikuwa ya dakika 5, na yote yalikwisha kwa kikao kimoja. Civilization huanza mwaka 4000 kabla ya Kristo. Bado twamngoja mfalme wa mashine atakayetusaliti mwaka 1800, na tukimwuliza kwa nini, atutajie mji tuliouteka mwaka 1200 na neno tulilomwambia siku ile.