Cheni Iishe Kwanza

Baiskeli ya milimani huanza kuisha siku ile ile inapotoka dukani. Kila ukikanyaga pedeli, chuma kinasagana na chuma. Kila ukishika breki, kuna unga unapeperuka. Kila ukivuka kijito, maji yanatafuta pa kupenyea. Hakuna fundi awezaye kulizuia jambo hilo, na anayekuahidi kwamba atalizuia anakuuzia maneno. Ufundi uko kwenye kupanga foleni. Fundi mzuri anajua kitu gani kitangulie kuisha ili cha bei kubwa kibaki: cheni iishe ili gia zipone, pedi ziishe ili diski ipone, grisi ichafuke ili gololi zibaki safi. Tumezoea kusema cha rahisi ghali. Kwenye baiskeli, cha rahisi ndicho kinachookoa cha ghali, mradi kizikwe siku yake ikifika.

Tuanze na cheni, maana ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Umbo la cheni tunayoijua leo, yenye vibiringi vinavyozunguka kwenye pini, lilitoka kwa Hans Renold, Mswisi aliyehamia Manchester, mwaka 1880. Tangu wakati huo imekonda na kuwa nyepesi, lakini kazi yake ni ile ile. Pingili moja ina urefu wa nusu inchi, na cheni ya baiskeli ya gia ina pingili zaidi ya mia. Ikitumika sana inakuwa ndefu, na wengi hudhani chuma kimevutika. Vibati vya pembeni havijarefuka hata kidogo. Kilicholiwa ni pini na tundu linaloizunguka, na ulegevu mdogo usioonekana kwenye pingili moja ukijumlishwa mara mia unakuwa tatizo.

Kipimo chake hakihitaji kifaa cha bei. Chukua rula ya mwanafunzi yenye inchi 12, weka sifuri katikati ya pini moja, nyoosha cheni, uhesabu pingili 24. Cheni ikiwa mpya, pini ya mwisho inakaa kwenye 12 kamili. Ikipitiliza kwa moja ya kumi na sita ya inchi, yaani milimita moja na nusu hivi, badilisha cheni. Ikifika moja ya nane, usihangaike kununua cheni peke yake. Gia nazo zimeshakwenda nayo. Cheni iliyorefuka haikai tena chini ya meno, inapanda juu yake, na mzigo ambao ungebebwa na meno mengi unaangukia machache. Meno hayo yanachongeka upande mmoja na ncha zake zinainama. Ukiifunga cheni mpya kwenye gia za namna hiyo, pingili haziingii tena penye nafasi yake. Kwenye tambarare huenda usijue. Utajua ukiwa mlimani, umesimama juu ya pedeli, pale cheni itakaporuka na goti lako kugonga usukani.

Kaseti ya gia za nyuma huuzwa mara kadhaa ya bei ya cheni. Mtu anayebadilisha cheni mapema anaweza kumaliza cheni mbili tatu juu ya kaseti ile ile. Anayengoja mpaka iruke atanunua vyote kwa mpigo, na huenda na gia ya mbele pia.

Kuhusu mafuta, wengi wetu tunakosea kwa wingi kuliko kwa uchache. Mafuta yanatakiwa ndani, kati ya pini na kibiringi, na huko hakuna nafasi kubwa. Tone moja kwa kila pingili linatosha. Zungusha pedeli nyuma taratibu, ngoja, kisha futa nje kwa kitambaa mpaka cheni ionekane kana kwamba haijawahi kutiwa kitu. Mafuta yanayobaki nje kazi yake ni kukamata vumbi, na vumbi laini la udongo wa volkano, kama letu huku chini ya Meru, likichanganyika na oili linakuwa tope jeusi la kusagia chuma. Ile cheni inayong'aa kwa oili, inayomfurahisha mwenye baiskeli, inamalizwa na oili hiyo hiyo.

Kuna kijiwe kimoja cha mafundi baiskeli hapa Arusha ambako nimewahi kukaa asubuhi nzima bila shida ya baiskeli, kwa kupenda kutazama tu. Kijana alikuja akiisukuma baiskeli ya mtumba, ya alumini, imara bado.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Lete."

"Inaruka. Naomba unifungie cheni mpya, hela ninayo."

Mzee hakugusa spana. Aliinua gurudumu la nyuma, akazungusha pedeli kwa mkono, akainama mpaka pua ikakaribia gia, kisha akapitisha ukucha juu ya meno, moja baada ya jingine.

"Hii cheni ulinunua lini?"

"Nilinunua baiskeli ikiwa nayo."

"Basi mwanangu, nikikuwekea mpya leo, kesho utarudi hapa kunitukana. Hizi gia zimezeeka pamoja na cheni yake, zimezoeana. Endelea nayo hivyo hivyo. Hii ndogo ya mwisho usiiguse, tumia hizi za kati, mpaka upate hela ya vyote viwili."

Kijana akaondoka na hela yake mfukoni. Mzee hakupata hata ya chai. Hilo nitalirudia.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote katika kazi hii ni habu ya kizamani, yenye gololi za kuhesabu. Kwa kawaida ya nyuma ina gololi 9 za robo inchi kila upande. Ya mbele ina 10, ndogo kidogo, za 3/16. Zinakaa kati ya vyuma viwili: kikombe kilichoshindiliwa ndani ya habu, na koni inayofungwa kwenye ekseli. Kikombe kikichimbika, habu nzima imekwenda, na kuibadilisha maana yake ni kufungua spoku zote na kusuka gurudumu upya. Koni inafunguliwa kwa spana mbili nyembamba. Na bahati ni kwamba koni ndiyo hutangulia kuisha, tena kwa sababu inayoeleweka: kikombe kinazunguka na gurudumu, kwa hiyo uzito unakipitia pande zote, lakini koni imesimama, na uzito wa mwendeshaji unaiangukia mahali pale pale siku zote. Fungua habu iliyotembea sana uiangalie koni. Sehemu ya juu inang'aa. Chini kuna kovu la vishimo vidogo.

Kukaza koni ndiko kunakomtenga fundi na fundi maiko. Ikikazwa mno, gololi zinasagika. Ikilegea, gurudumu linapwaya. Tena habu zenye wenzo wa kufungia upesi zina hila yake: ukifunga wenzo, ekseli inabanwa kwa kiasi ambacho jicho halioni, na koni zinasogeleana. Kwa hiyo fundi huacha mchezo kidogo makusudi. Anarudisha gurudumu kwenye fremu, anafunga wenzo, anashika rimu na kuisukuma kushoto na kulia. Mchezo ukiwa bado upo, anafungua tena na kuisogeza koni kidogo mno, anarudia. Hapo hakuna rula. Kabla ya kufunga anaishika ekseli kwa ncha za vidole viwili na kuizungusha polepole, macho yakitazama barabarani, kwa sababu kinachotafutwa hakionekani: chembe moja ya mchanga iliyobaki kwenye grisi, mkwaruzo mwepesi kila mzunguko unapofika mahali fulani. Akiusikia, anafumua kila kitu na kuosha upya. Mteja asingejua tofauti mwezi huo wala unaofuata.

Mchezo wenyewe wa baiskeli za milimani ulianza na grisi. Tarehe 21 Oktoba 1976, vijana wa Fairfax, katika Kaunti ya Marin huko California, walianza kushindana kuteremka njia ya vumbi inayoshuka karibu mita 400 kwa zaidi ya kilomita tatu, wakitumia baiskeli nzito za miaka ya 1930 na 1940. Breki zake zilikuwa ndani ya habu ya nyuma, za kurudisha pedeli nyuma. Kufika chini, habu ilikuwa imechemka mpaka grisi ikawa moshi, na kabla ya kupanda tena ilibidi ifumuliwe na kushindiliwa grisi mpya. Njia ile wakaiita Repack, kwa jina la kazi hiyo. Joe Breeze na Gary Fisher, ambao majina yao leo yanatajwa kila historia ya mchezo huu inapoandikwa, walikuwa na mikono myeusi kama ya fundi yeyote wa pembeni mwa barabara. Mwaka 1996, miaka 20 tu baadaye, mbio za milimani zikaingia kwenye Olimpiki ya Atlanta.

Breki za siku hizi ni za diski na mafuta, na hazichemshi habu. Pedi zake ni kama sabuni: isiyopungua haijafanya kazi. Tatizo ni pale zinapokwisha mtu asijue, kibati cha nyuma kikaanza kuila diski. Diski za Shimano zimechapwa kikomo chake juu ya chuma chenyewe, milimita 1.5, na nyingi huanza zikiwa na 1.8. Uhai wote wa diski ni hizo sehemu tatu za kumi za milimita. Jambo moja tu niongeze, kwa sababu nimeona limeharibu breki nzuri: kuna breki zinazotumia mafuta ya madini na kuna zinazotumia mafuta ya DOT, kama ya gari. Sili za moja hazivumilii mafuta ya nyingine. Usikubali mtu akujazie yaliyopo.

Waliounda baiskeli hizi wanaijua foleni ninayoisema. Tazama nyuma, pale mkono wa kubadilisha gia unaponing'inia kwenye fremu ya alumini. Haukufungwa kwenye fremu moja kwa moja. Kuna kisikio kidogo cha alumini laini, kinachoshikwa na skrubu moja au mbili, na kiliwekwa ili kipinde. Baiskeli ikianguka upande wa kulia au mkono ukigonga jiwe, kisikio kinajikunja na fremu inabaki salama. Naona ni moja ya sehemu zenye akili kuliko zote kwenye baiskeli, na ajabu yake ni kwamba wengi huilalamikia kuwa dhaifu. Nimeona pia mtu akichoka kubadilisha visikio, akatengenezewa cha chuma kigumu. Anguko lililofuata lilipinda fremu.

Maana fremu, usukani na shina lake havimo kwenye foleni. Hivyo havitakiwi kuisha hatua kwa hatua. Vinavunjika, na meno yako yanakwenda navyo. Fremu ya chuma ikipata ufa inaweza kuchomelewa na mchomeleaji hodari. Alumini ya 6061, inayotumika sana kwenye fremu, hupoteza nguvu pale moto ulipopita mpaka ipashwe upya kwenye tanuri, na tanuri hilo hatuna kijiweni. Fundi anayekataa kuichomelea huwa anakuhurumia.

Nina ugomvi mmoja na viwanda. Kwa miaka mingi rimu ya baiskeli ya milimani ilikuwa ya inchi 26. Zikaja 29, kisha 27.5. Upana wa habu ya nyuma ukatoka milimita 135 ukaenda 142, ukaenda 148. Kila badiliko lina hoja yake, na baiskeli ya 29 kweli inapita juu ya mawe vizuri zaidi. Lakini fundi anaweza kujua kila kitu kuhusu koni na bado akashindwa, kwa kuwa koni yenyewe haipo sokoni. Baiskeli za mtumba za rimu 26 bado zimejaa mitaani kwetu, tairi na tyubu zake zinapatikana, na ndizo ningemshauri mtu wa huku anunue. Wanaosema zimepitwa na wakati wana duka la spea karibu.

Sasa narudi kwa yule mzee. Utaratibu wetu ni kumlipa fundi kwa kilichobadilishwa. Ukitoka na cheni mpya unalipa cheni na mkono wa kuifunga. Ukitoka na ushauri, unasema asante. Kwa mpango huo fundi anayekudanganya anashinda, na anayejua kusoma meno ya gia kwa ukucha analala njaa. Kisha tunalalamika kwamba mafundi wa kweli wameisha, wamebaki wa kubahatisha. Ukipeleka baiskeli kukaguliwa, patana bei ya kuikagua kabla hajaishika. Akikwambia cheni bado, mlipe hiyo hiyo bei mliyopatana.